Jino Lisilouma: Shaka ya Mgonjwa Mbele ya Daktari wa Meno

Zipo bidhaa ambazo mnunuzi hujua ubora wake kwa kuzitazama tu, kama embe sokoni, na zipo anazozijua baada ya kuzitumia, kama chakula cha mgahawani. Lakini lipo kundi la tatu, ambalo mnunuzi hawezi kulihakiki kabla ya kulipa wala baada ya kulipa, kwa kuwa anayemuuzia tiba ndiye huyohuyo anayemwambia kwamba anaihitaji. Wanauchumi Michael Darby na Edi Karni walilichambua kundi hilo mwaka 1973 na kulipa jina, ambalo kwa Kiswahili laweza kuwa bidhaa za kuaminiwa. Fundi wa gari anayesema breki zimekwisha yumo humo, na daktari wa meno yumo zaidi, kwa sababu mwenye gari anaweza angalau kuinama akachungulia chini ya gari lake, ilhali upande wa nyuma wa gego la mtu hauonwi na mwenyewe ila kwa msaada wa mwingine. Mgonjwa aliyezibwa jino lisilokuwa na tatizo huondoka na jino lisilouma, na aliyezibwa jino lililokuwa limeanza kuoza huondoka hivyohivyo. Wote wawili hushukuru, na wote wawili hulipa.

Ukubwa wa jambo hili ulipimwa kwa njia ya pekee mjini Zurich, Uswisi, ambako watafiti Felix Gottschalk, Wanda Mimra na Christian Waibel walimtuma mgonjwa wa majaribio kwa madaktari 180 wa meno, akiwa na jino lenye uozo wa juujuu ambao, kwa mujibu wa miongozo ya fani yenyewe, haukupaswa kuchimbwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba asilimia 28 ya mapendekezo yalikuwa ya tiba isiyohitajika, na kwamba kliniki ambazo mgonjwa alipata nafasi upesi, yaani zile ambazo huenda hazikuwa na foleni ya wateja, ndizo zilizoelekea zaidi kupendekeza kuchimba. Takwimu hiyo ya mwisho ina uzito kuliko ile ya kwanza, kwa sababu uozo wa jino haujui kama kliniki ina wateja wengi au wachache.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba asilimia 28 ya madaktari wa meno ni wezi, na mtu hulielewa kosa hilo vizuri zaidi akilitazama jino lenyewe kwa karibu. Jino lina gamba gumu la nje liitwalo enameli, chini yake kuna dentini, ambayo ni laini kidogo na yenye vinyweleo vidogo sana, na katikati kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria waliomo katika utando unaoganda juu ya meno hula sukari na kutoa asidi, asidi hiyo hunyonya madini ya enameli, kisha mate pamoja na madini ya floridi yaliyomo kwenye dawa ya meno huyarudisha; kwa hiyo uozo unaoanza si tundu, ni mvutano, na jino lililopoteza madini kidogo laweza kuyapata tena bila kuguswa na mashine. Mara uso wa enameli unapobomoka na tundu likatokea, hali hubadilika, kwa kuwa mswaki haufiki ndani ya tundu na jino halioti upya.

Mpaka kati ya hali hizo mbili ndipo shaka inapozaliwa. Katika picha ya eksirei ya meno ya pembeni, ile ambayo mgonjwa huambiwa ang'ate kipande kidogo ili magego ya juu na ya chini yaonekane pamoja, enameli hutokea kama ukanda mweupe, dentini huwa ya kijivu, na uozo ulio kati ya meno mawili huonekana kama kipembetatu cheusi kinachochoma ndani kutoka ubavuni. Kipembetatu kikiishia ndani ya ule ukanda mweupe, maoni ya wataalamu wengi wa leo ni kwamba jino lipakwe floridi na lingojewe. Kikiwa kimezama ndani ya dentini na uso umetoboka, wengi wataziba. Lakini kikiwa kimeugusa tu mstari unaotenganisha tabaka hizo mbili, madaktari wawili waaminifu wanaweza kuitazama picha moja kwa dakika tano na kutofautiana. Juu ya hayo kuna vivuli vya kupotosha: karibu na shingo ya jino, mahali ambapo enameli imeishia na mfupa haujaanza, mionzi hupenya kwa urahisi na kuacha weusi unaofanana sana na uozo, na daktari mwenye haraka anaweza kuziba kivuli. Njia ya zamani ya kuchomeka ncha kali ya chuma kwenye mifereji ya gego, na kuhukumu kwamba limeoza kwa sababu chuma kimenasa, nayo haiaminiki, kwa maana ncha hunasa katika mfereji wowote ulio mwembamba, uwe mzima au mbovu. Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, lipo jambo jingine la kuongeza, nalo ni meno ya kahawia yanayotokana na floridi nyingi katika maji ya kunywa wakati jino lilipokuwa likijengeka. Rangi hiyo si uozo, na anayeambiwa kwamba meno yake yote yameoza kwa sababu ya rangi hana budi kuuliza swali la pili.

Chanzo cha kazi nyingi zisizohitajika, basi, si tamaa peke yake bali pia imani ya fani, na historia ya tiba ya meno imejaa imani za namna hiyo. Greene Vardiman Black wa Chicago, ambaye kitabu chake cha mwaka 1908 kilifundisha vizazi vya madaktari, alielekeza kwamba tundu lichimbwe kupita mpaka wa uozo, mifereji ya jirani ikiwemo, ili uozo usije ukarudi pembeni mwa kijazo. Kwa vifaa vya zama zake shauri hilo lilikuwa na mantiki, ila liliendelea kufuatwa muda mrefu baada ya mantiki yake kwisha, na meno mengi yakapoteza sehemu nzima kwa ajili ya sehemu mbovu ndogo. Mwaka 1910 tabibu Mwingereza William Hunter alihutubia mjini Montreal na kuzilaumu kazi za meno, hasa zile za kofia za dhahabu zinazovikwa juu ya jino, kuwa maficho ya usaha unaosambaza maradhi mwilini, na katika miaka iliyofuata meno mengi mno yaling'olewa ili kutibu baridi yabisi, maumivu ya tumbo na hata wazimu. Henry Cotton, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton huko New Jersey, aling'oa meno ya wagonjwa wake kwa wingi akiamini kwamba ndiyo yanayotia sumu ubongo. Aling'oa pia meno ya wanawe na yake mwenyewe, jambo ambalo mlaghai halifanyi.

Afrika Mashariki inayo imani yake ya aina hiyohiyo, na wahanga wake ni wachanga. Mtoto wa miezi michache anapopata homa na kuhara, mganga huutazama ufizi wake, akaona uvimbe mweupe mahali chonge zitakapoota, akasema kwamba mtoto ana "meno ya plastiki", au ya nailoni kama wasemavyo wengine Tanzania, na kwamba yasipotolewa atakufa. Nchini Uganda hali hiyo huitwa ebiino. Uvimbe ule ni wa kawaida, ni chonge ya utotoni inayojongea juu, na kinachochokolewa kwa kisu au spoku ya baiskeli ni chipukizi la jino ambalo bado halijawa gumu, ndiyo maana likitolewa huonekana laini na jeupe kama plastiki na mzazi akaamini. Mtoto hubaki na hatari ya kutokwa damu, kuambukizwa na kupata pepopunda, na chonge ya ukubwani iliyojificha chini yake inaweza kuharibika, huku kuhara kulikomleta hakujatibiwa. Muundo wa jambo hili ni uleule wa Zurich: aliyeona ni mmoja, aliyeamua ni yeye huyo, na aliyelipa hana namna ya kuhakiki.

Panapoingia fedha, imani hupata miguu. Chini ya huduma ya afya ya taifa ya Uingereza madaktari wa meno walilipwa kwa miaka mingi kwa hesabu ya kila kazi, kijazo kimoja malipo yake na kofia moja malipo yake, na manung'uniko yalipozidi serikali iliunda kamati ya kuchunguza tiba zisizohitajika iliyoongozwa na S. G. Schanschieff, ambayo ripoti yake ya mwaka 1986 ilikubali kwamba tiba za makusudi zisizo na sababu zilikuwapo, ingawa si kwa wingi uliodaiwa, na ikaongeza kwamba nyingine zilitokana na mtazamo uliopitwa na wakati. England iliuacha mfumo huo wa malipo mwaka 2006, na mara lawama zikageuka upande wa pili, kwamba sasa madaktari wanafanya kidogo mno. Hakuna mfumo wa malipo ambao haumnong'onezi daktari chochote sikioni.

Nchini Marekani, ambako kliniki nyingi ni biashara binafsi na bima ni mmoja wa walipaji wakubwa, mwandishi William Ecenbarger alifanya jaribio lililozua gumzo kubwa lilipochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Reader's Digest. Alikwenda kwa madaktari 50 katika majimbo 28 akiwa na kinywa kilekile, akiwa amekwisha kukaguliwa na wataalamu waliomwambia ni kipi hasa kinachohitajika, na makadirio ya gharama aliyopewa yalianzia dola 500 hivi na kufika karibu dola 30,000. Kesi ya Scott Charmoli wa Wisconsin ni ya daraja nyingine kabisa. Daktari huyo, mahakama ilithibitisha mwaka 2022, alikuwa akiwaambia wagonjwa kwamba jino lina ufa na linahitaji kofia, kisha akilivunja kwa mashine yake mwenyewe mgonjwa akiwa chini ya ganzi, akalipiga picha likiwa limevunjika, na kuituma picha hiyo kwa kampuni ya bima kana kwamba ilipigwa kabla ya kazi kuanza. Kofia alizoweka zilipanda kutoka 434 mwaka 2014 hadi zaidi ya 1,000 mwaka uliofuata, na siri ilifichuka baada ya kuiuza kliniki mwaka 2019, pale wanunuzi walipoyapitia majalada na kuona idadi isiyo ya kawaida. Alihukumiwa kifungo cha miezi 54. Kilichomtia hatiani hakikuwa jino lolote moja, kwa sababu kila jino peke yake lilikuwa na maelezo yake. Kilichomtia hatiani ni jumla.

Kazi tatu ndizo zinazostahili kutazamwa kwa jicho la karibu zaidi, kwa kuwa huuzwa sana na huhakikiwa kwa shida. Ya kwanza ni kubadilisha vijazo vya zamani visivyo na kasoro, ama kwa madai kwamba ile rangi ya kijivu ya vijazo vya metali ni sumu ya zebaki ama kwa sababu tu vimechakaa sura. Kila kijazo kinapotolewa huondoka na kipande cha jino zima, kijazo kipya huwa kikubwa kuliko cha kwanza, na baada ya mizunguko kadhaa ukuta wa jino huvunjika, likavikwa kofia, kiini kikafa, mzizi ukatibiwa, na hatimaye jino likang'olewa. Mtu aliyeanza na kijazo cha ukubwa wa punje ya mchele akiwa na miaka kumi na mitano huishia na pengo akiwa na hamsini, bila daktari yeyote katika mlolongo huo kuwa amefanya kosa linaloonekana. Ya pili ni kofia yenyewe, ambayo ili ikae vizuri hulazimu jino lichongwe pande zote, na kofia kamili za meno ya mbele huweza kugharimu zaidi ya nusu ya uzito wa sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi. Ya tatu ni usafishaji wa kina, yaani kukwangua ukoga ulioganda kwenye mizizi chini ya ufizi. Kazi hiyo ni tiba muhimu kwa mwenye ugonjwa wa fizi, lakini ugonjwa huo una vipimo: daktari huingiza kifaa chenye alama za milimita kati ya ufizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, na nafasi ya milimita moja hadi tatu kwa kawaida ni ya kiafya, ilhali nne na kuendelea huanza kutia wasiwasi. Mgonjwa anayeambiwa kwamba fizi zake zinahitaji usafishaji wa kina bila kutajiwa namba hata moja ameuziwa sentensi, si uchunguzi.

Kuhusu magego ya mwisho yasiyouma, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba ilishauri tangu mwaka 2000 kwamba yasing'olewe bila sababu ya maradhi. Kuhusu desturi ya kwenda kukaguliwa kila baada ya miezi sita, Aubrey Sheiham aliihoji katika jarida la Lancet mwaka 1977 akitaka kujua ina msingi gani wa kisayansi, na mwaka 2004 miongozo hiyohiyo ya Uingereza iliruhusu muda kati ya miezi mitatu na miaka miwili, kutegemea hatari ya kila mtu.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu anaweza kusema kwamba hayo ni matatizo ya wenye bima, kwani kwao watu huenda kliniki pale tu usingizi unapokataa kuja usiku wa tatu mfululizo. Ni kweli, lakini tiba isiyohitajika ipo pia katika hali hiyo, ila imevaa nguo nyingine. Msemo wa kwamba dawa ya jino ni kung'oa umewakosesha watu wengi magego ambayo kijazo au tiba ya mzizi ingeyaokoa, na kung'oa jino linalookoleka ni kazi isiyohitajika sawasawa na kuziba lililo zima, hata kama ni ya bei nafuu na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeiomba. Aliyeambiwa atibiwe mzizi hushuku kwamba anatafutiwa bili, na aliyeng'olewa hashuku chochote. Kati ya hao wawili, mara nyingi ni huyu wa pili aliyepoteza zaidi, maana wahenga walikwisha kusema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Inafaa kukumbukwa pia kwamba mojawapo ya njia zilizoifundisha dunia kuchimba kidogo ilianzia Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikabili tatizo la vijiji visivyo na umeme wala mashine, wakaanza kukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono tu na kuliziba tundu kwa saruji maalumu yenye asili ya glasi, ambayo hushikamana na jino na kutoa floridi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitambulisha njia hiyo kwa mataifa mengine. Iliyoonekana kuwa tiba ya dhiki ilikuja kuthaminiwa hata katika nchi tajiri, kwa sababu mkono hauna nguvu ya kuchimba sehemu ambayo haijaoza.

Kinga kubwa aliyonayo mgonjwa ni muda, na ndiyo inayotajwa mara chache. Katika jino la ukubwani, uozo unaoanzia ubavuni kwa kawaida huchukua miaka, si wiki, kuvuka enameli na kufika kwenye dentini, ingawa kwa meno ya utotoni mwendo huwa wa kasi zaidi; kwa hiyo jino lisilouma, lisilovimba wala kutoa usaha, kwa kawaida linaweza kungoja siku kadhaa za kutafuta maoni ya daktari wa pili. Daktari anayesema kwamba lazima lichimbwe leo, kwa kuwa punguzo la bei linakwisha kesho, anamnyang'anya mgonjwa kinga hiyo. Maoni ya pili yanafaa zaidi yakitafutwa bila kutaja yale ya kwanza, kwa sababu daktari aliyekwisha kusikia kwamba mwenzake ameona matundu matano hatazami tena kwa macho matupu. Naye huyo wa pili ni mfanyabiashara vilevile, na kumkosoa mwenzake kunaweza kuwa njia ya kumpata mteja. Tofauti kati yao, pekee, haithibitishi udanganyifu. Inaweza kuwa daktari wa zamani alikuwa mvumilivu mno, akingojea madoa ambayo sasa yamekuwa matundu, na daktari mpya anayelaumiwa ndiye aliyesema kweli.

Maswali yenye manufaa ni yale yanayoomba kuonyeshwa: doa liko wapi kwenye picha, limefika tabaka gani, picha ya mwaka jana inaonyesha nini mahali hapohapo, na litakuwaje likiachwa kwa miezi sita huku mgonjwa akipiga mswaki kwa dawa yenye floridi na kupunguza soda na peremende. Daktari mwaminifu hupenda maswali hayo, kwa sababu humpunguzia kazi ya kushawishi. Pale shaka inapogeuka malalamiko, Tanzania Bara inalo Baraza la Madaktari Tanganyika na Kenya inalo baraza linalosajili madaktari wa tiba na wa meno, na kuuliza kama anayetibu amesajiliwa ni hatua ya kwanza isiyogharimu kitu.

Lakini baraza, kama daktari wa pili, haliwezi kuliona jino lililokuwapo. Likishachimbwa, uozo kama ulikuwapo umekwenda na maji ya kusukutua, na kilichobaki ni kijazo kinachong'aa, ambacho hukaa juu ya jino lililokuwa bovu na juu ya lililokuwa zima bila tofauti yoyote. Shahidi ni jalada peke yake: eksirei iliyopigwa kabla, yenye tarehe, na maandishi ya alichokiona daktari siku ile. Nakala yake huombwa mezani mwa mapokezi, kabla kiti hakijalazwa nyuma na ganzi haijachomwa.